Masizi ya Katembo

Hasira ya Hippolyte ilianza na pongezi.

Siku hiyo, katika maktaba ya wenyeji pale Kasongo, Bwana Delmotte aliinua kitabu kilichokuwa cheusi tii, akawaonyesha vijana watatu aliokuwa akiwafundisha, Hippolyte mmoja wao. Kitabu kilikuwa kimerudi kutoka Katembo, kijiji kimoja cha upande wa Kabambare, ndani ya sanduku ambalo Hippolyte mwenyewe hulipeleka huko kwa lori la pamba na kulirudisha. Jalada lote lilikuwa masizi. Ukilishika, vidole vinatoka kama vya mtu aliyekuwa akisugua sufuria.

“Mnaona nini hapa?” Delmotte aliuliza kwa Kifaransa.

“Uchafu,” kijana mmoja akajibu.

“Uchafu! Huyu anaona uchafu. Mimi naona ushahidi. Mtu anaweza kukudanganya kwa mdomo, lakini kitu hakina mdomo. Watu wa Katembo wanatoka shamba jioni wamechoka, hawana taa, wanakaa karibu na moto na kusoma. Ndiyo maana vitabu vinarudi na moshi. Hippolyte, hongera. Hakuna kijiji kinachoazima vitabu vingi kuliko Katembo. Nimekwisha kuwaandikia Bukavu kuhusu jambo hili.”

Delmotte alikuwa ametumwa kutoka Bukavu, kwa wakubwa wa jimbo, kuwafundisha wasaidizi wa maktaba namna ya kuchunguza wasomaji: nani anasoma, anasoma nini, na asiyesoma anazuiwa na nini. Tumpe haki yake, alifundisha vizuri. Aliwaambia wasichague nyumba za marafiki zao, wapige kura na kwenda kule kura ilikoangukia. Aliwaambia waulize swali lilelile kwa maneno yaleyale kwa kila mtu, wasimtie mtu jibu mdomoni, na waandike alichosema hata kama kinauma. Hippolyte aliyapenda masomo hayo kuliko kitu chochote alichowahi kufundishwa, hata katekisimu. Akarudi nyumbani jioni ile kichwa kimemvimba kwa sifa.

Mkewe Régina hakumpa hata maji ya kunawa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, uso ameufunga.

“Asani amefungwa,” alisema. “Juu ya kitabu chako.”

Asani ni mdogo wake Régina, mwanamume pekee aliyebaki na mama yao huko Katembo. Habari ililetwa na wachuuzi wa samaki. Kitabu alichokuwa nacho Asani kiliwekwa chini, mchwa wakakila. Kapita Lukumani, yule msimamizi wa kijiji, akamkokota mpaka kwa chifu, na chifu akamtia katika gereza lake akisema hatatoka mpaka kitabu kirudi.

“Sasa kitarudi namna gani?” Régina aliuliza. “Kitatoka mu matumbo ya muchwa?”

“Régina, mutu hafungwi juu ya kitabu. Mutu anaazima kwa kupenda kwake.”

Régina akacheka kicheko kibaya. “Kwa kupenda! Nenda uulize huko hayo mapenzi. Si iko vile wanakufundisha, kuuliza?”

Kesho yake Hippolyte alimweleza Delmotte. Mzungu akatikisa kichwa, akasema kwamba gereza la chifu halimhusu yeye, yeye ni mtu wa vitabu. Lakini alisema pia neno moja ambalo Hippolyte alilishika kwa mikono miwili: uchunguzi wa Katembo unaanza juma lijalo, na jibu lolote litakalopatikana kwa njia sahihi atalipeleka Bukavu, litakavyokuwa. Na Bukavu wana mkono mrefu kuliko chifu. Basi kama kuna watu wanaofungwa kwa ajili ya sanduku la maktaba, na likaandikwa hivyo, Asani atatoka. Njia nyingine Hippolyte hakuiona.

Wakapiga kura. Delmotte alivua kofia yake ya jua, wakatia ndani vipande vya karatasi, kila kipande na nyumba yake, wakachomoa. Hippolyte alipofungua kimojawapo, akakikunja tena. Ilikuwa nyumba ya mama mkwe wake.

“Hii siwezi, bwana. Niende ya jirani.”

“Nyumba haibadilishwi. Nilifundisha nini?”

Hippolyte akaeleza. Huko kwao mkewe, mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Akimwona njiani anaingia majani mpaka mama apite. Haingii nyumbani kwake, hali mbele yake, na jina lake halitaji, halitaji kabisa, hata akiulizwa na hakimu. Ni heshima. Mtu akiivunja, mkewe ana haki ya kufunga mzigo wake siku hiyohiyo.

Delmotte alisikiliza kwa tabasamu la mtu anayetazama nyani. “Rafiki yangu,” akasema, “sayansi haina mama mkwe.”

Wenzake wawili wakacheka, kwa sababu bwana alikuwa amecheka. Hippolyte aliitazama ile kofia mezani, na mkono ulimwasha kuitupa nje kwa dirisha. Hakuitupa. Asani alikuwa gerezani.

Akaenda kwa lori mpaka karibu na Kabambare, kisha kwa baiskeli. Katembo wote walimjua, walimwita mukwe wetu, walimtania tangu mbali. Lakini safari hii alikuja na karatasi mkononi, na nyuma yake alitembea kapita Lukumani na kofia yake nyekundu, ambaye hakuna aliyemwita. Lukumani alisema amekuja kumsaidia bwana karani, watu wa hapa ni wagumu. Hippolyte alimwambia arudi. Lukumani akacheka, akaendelea kutembea.

Nyumba ya kwanza ikajibu: “Vitabu ni vizuri, bwana. Tunashukuru serikali.” Ya pili: “Vitabu ni vizuri. Tunashukuru serikali.” Ya tatu ikawa hivyohivyo. Mzee mmoja ambaye macho yake yalikufa tangu vita ya kwanza ya Wazungu, anayeongozwa kwa fimbo na mjukuu, alisema kwamba anasoma kila jioni na anaomba aletewe vingine. Alisema hayo huku uso wake umeelekea pale kapita aliposimama. Hippolyte aliandika, kalamu ikikaribia kutoboa karatasi. Angeweza kuwakamata mabega na kuwatikisa. Asani ni mtoto wenu, nanyi mnashukuru serikali! Lakini sheria ya Delmotte ilikuwa hiyo: andika alichosema.

Ikabaki nyumba ile. Na hapo Lukumani alisimama mwenyewe barabarani, akageuza mgongo. Kapita ana ubabe wake, lakini hata yeye ni mtoto wa mwanamke wa Katembo, na hakuna mwanamume anayesimama kuchungulia mkwe akizungumza na mama mkwe wake. Ni aibu ambayo ingemfuata mpaka kwenye pombe.

Hippolyte akazunguka, akakaa nyuma ya nyumba, mgongo ameuegemeza ukutani. Uani palikuwa na kinu. Ndivyo inavyofanywa pale lazima inapowabana watu wa namna hiyo: unasema na kitu, na mwenzako anajibu kitu hichohicho.

“Ee kinu,” Hippolyte akasema, “ambia mwenye nyumba mukwe wake amefika.”

“Kinu,” sauti ikajibu kutoka ndani, “ambia huyo mutu nimesikia kinga yake, baiskeli ile, inalia tangu mutoni, haitie mafuta. Bibi yake iko muzima?”

“Muzima. Kinu, uliza mwenye nyumba: mu nyumba hii nani anasoma vitabu vya sanduku?”

 Mama akaanza, na alipoanza hakusimama.

“Kinu, huyu mutu iko na akili? Anauliza nani anasoma. Aulize nani analima pamba! Kapita anapita na mbegu za pamba, kila nyumba inapokea. Kapita anapita na vitabu, kila nyumba inapokea. Ukikataa, ni wewe adui wa Bulamatari, wa serikali. Sasa kitu ya Bulamatari utaiweka chini, muchwa waile, wakufunge? Tunaifunga kamba, tunaitundika juu ya moto pamoja na mahindi ya mbegu. Inakaa pale. Siku ya lori tunaishusha, tunarudisha, tunapewa ingine. Asani wangu alisema amechoka kupanda juu ya dari kila mara kwa kitu asichosoma. Akaiweka chini. Basi.”

Kalamu ya Hippolyte ilikuwa imesimama. Masizi! Ushahidi usio na mdomo! Watu wamekaa na moto jioni, wanasoma!  Mwaka mzima alikuwa akisifiwa kwa sanduku lile. Kila lori liliporudi alihesabu vitabu na kufurahi, na kila kitabu kilikuwa mtu aliyetishwa. Alimchukia kapita, akamchukia Delmotte na kofia yake, na mwenyewe hakujisamehe.

Lakini maswali lazima yaishe. “Kinu, swali la mwisho. Mwenye nyumba angependa kuletewa kitabu gani?”

Mama naye akauliza: “Iko kile kinachosema mizani ya pamba inapashwa kuonyesha nini? Tunapeleka mizigo mikubwa, mizani inasema midogo. Kama kitabu hicho iko, alete. Kile sitatundika. Nitalala nacho.”

Alisema na mengine, juu ya maisha yake, bila kuulizwa, na Hippolyte aliyaandika yote kama yalivyotoka. Juu ya karatasi palikuwa na mstari wa jina la aliyeulizwa. Mstari ule akauacha mweupe, kwa sababu jina lisilotajwa kwa mdomo haliandikwi kwa mkono pia.

Delmotte aliposoma, alianza kwa kutabasamu, akamaliza amefinya midomo.

“Wote wanasifu vitabu. Mmoja tu anasema kinyume. Na huyo mmoja hana jina, na kwa maelezo yako mwenyewe ulikuwa ukizungumza na kinu. Umehoji kinu, Hippolyte.”

“Wote waliulizwa kapita akiwa amesimama. Yeye peke yake kapita hakumsikia.”

“Mmoja ni mtu. Mmoja si matokeo. Hili nalo nilifundisha.”

Alikuwa amelifundisha kweli, na hilo ndilo lililomwudhi Hippolyte zaidi ya yote. Ukigombana na mjinga unajua utampigia wapi. Huyu alikuwa na haki nusu, na nusu ile alikuwa ameikalia kama kiti.

“Basi narudi,” Hippolyte alisema. “Nyumba zilezile. Maswali yaleyale.”

“Rudi. Lakini ripoti inaondoka na lori la Ijumaa.”

Akarudi, na safari hii alingoja mpaka aliposikia kwamba Lukumani amekwenda kwa chifu na mahesabu ya pamba. Alipofika nyumba ya kwanza hakuingia. Alizunguka nyuma, akakaa chini, mgongo ukutani, akapaza sauti.

“Ee ukuta! Ambia wenye nyumba sitawatazama, na jina sitaandika. Niko kwa mukwe hapa.”

Ndani watu wakalipuka kwa kicheko. “Kumbe! Sasa mimi pia ni mama mukwe wako?” mwanamume mmoja akauliza, mtu wa ndevu. “Régina anajua?”

“Kijiji kizima ni mama mukwe wangu leo. Sema na ukuta.”

Utani ukawafungua. Katembo walijua vizuri maneno yanayopita kwa njia hiyo ni maneno ya namna gani: hayana uso, hayana wa kudaiwa, na mkwe aliyeyapokea hawezi kuyageuza kuwa silaha. Wakasema. Wengine walinong’ona na wengine walifoka. Yule mzee kipofu alisema: “Kitabu! Walinivalisha shingoni kwa kamba, kapita akicheka, akasema na vipofu wasome.” Mwanamke mmoja alisema alifungwa siku za palizi kwa sababu mtoto alichana ukurasa. Na kila ulipofika wakati wa swali la mwisho, jibu lilikuwa lilelile bila kupatana: kitabu cha mizani, sheria ya pamba, karatasi inayosema mtu anaweza kwenda wapi akidhulumiwa. Mmoja tu alitaka hadithi, akaomba radhi kwa kutaka hadithi.

Hippolyte alikanyaga baiskeli kurudi Kasongo na hasira yake ikikanyaga pamoja naye. Lakini alikuwa na imani. Karatasi zote zilisema jambo moja. Sasa ni matokeo.

Delmotte alizisoma zote amesimama. Alipomaliza akakaa. Masikio yake yalikuwa mekundu, na kwa muda mrefu alitazama vitabu vyeusi vilivyopangwa rafuni.

“Nimekwisha kuwaandikia,” alisema polepole. “Niliwaandikia Bukavu kuhusu masizi.”

“Waandikie tena.”

“Kwa karatasi hizi? Hakuna jina hata moja. Watauliza nani alisema. Karatasi isiyo na jina ni uvumi wa sokoni. Nipe majina, nitapeleka. Usiponipa, zitakwenda zile za kwanza, zile zina majina yote.”

“Zile za kwanza ni uongo! Unajua ni uongo!”

“Zina majina.”

“Bwana,” Hippolyte akasema, “ulitufundisha swali linalotisha linaleta jibu la uongo. Hakuna swali linalotisha kuliko jina. Nikikupa majina, karatasi itapita kwa chifu kabla ya kufika Bukavu. Kapita atakwenda nyumba kwa nyumba. Utafunga Katembo nzima ili Asani atoke?”

Delmotte akavua miwani, akaifuta, akaivaa. “Sheria ni sheria. Lori linaondoka saa sita.”

Akatoka nje kuvuta sigara. Mwoga! Kumbe kujua kwake kote kulikuwa na mlango wa nyuma wa kutorokea. Hippolyte alibaki mezani na karatasi. Akifikiri jina la kipofu, alimwona kipofu katika gereza la chifu. Akifikiri kuziacha, alimwona Asani, na Régina kwenye kigoda. Akachovya kalamu. Kwenye karatasi ya kwanza, juu, palipoandikwa jina la aliyeulizwa, akaandika: Hippolyte. Kwenye ya pili akaandika hivyohivyo. Aliandika kwa nguvu, kila karatasi, mpaka mwisho, na kila alipoandika alijisikia vizuri zaidi.

Delmotte aliporudi aliziona. “Unajua unachofanya?”

“Umetaka jina. Jina lipo.”

Delmotte angeweza kukataa. Ni kweli pia kwamba angeweza kuweka jina lake mwenyewe chini, kama mwalimu wa uchunguzi, na mambo yakawa mengine. Alisema tu, “Basi hii ni yako, si yangu,” akatia karatasi katika bahasha, akaipeleka kwenye lori.

Bukavu walituma mkaguzi. Alikuwa mzungu mfupi, anazungumza Kiswahili cha kuamrisha wapagazi. Akakaa katika chumba kilekile cha maktaba, Delmotte kando yake akitazama kucha zake, na kwenye benchi ya ukutani wakakaa chifu wa Katembo na kapita Lukumani, kofia nyekundu gotini. Lukumani hakumtazama Hippolyte usoni. Alitazama karatasi, na ilionekana wazi anangoja nini: neno moja tu la kumwonyesha nyumba ya kuanzia.

“Wewe Hippolyte?”

“Ndiyo, bwana.”

“Karatasi hizi zote, jina moja. Nani alisema maneno haya?”

“Mimi.”

“Yote?”

“Yote, bwana.”

Mkaguzi akachukua moja. “Hapa inasema: mimi kipofu, walinivalisha kitabu shingoni. Wewe kipofu?”

“Nilikuwa kipofu, bwana. Mwaka mzima nilikuwa sioni.”

Makarani waliosimama mlangoni wakaziba midomo. Mkaguzi akapiga meza. Akachukua nyingine: mimi nina ndevu, niliazima kitabu kwa sababu ya fimbo. Hippolyte, ambaye kidevu chake kilikuwa laini, akasema ndiyo, fimbo iko, aulizwe mwenye fimbo. Chifu akajikuna. Mkaguzi akazidi kuwa mwekundu, akapekua, akachomoa karatasi iliyokuwa ndefu kuliko zote, na Hippolyte akaijua kwa mwandiko kabla haijasomwa.

“Na hii! Sikilizeni hii. ‘Nilizaa watoto saba. Watano walikufa, wengine kwa homa, wengine kwa njaa ya mwaka ule shamba lote lilikuwa pamba. Mumoja ameolewa Kasongo. Mumoja muko naye mu gereza.’” Akaweka karatasi chini. “Wewe mwanamume. Wewe ulizaa watoto saba?”

Safari hii makarani walicheka waziwazi, na hata Delmotte alitabasamu. Lukumani peke yake hakucheka. Alikuwa amesogea mbele kwenye benchi. Nyumba ya watoto saba, watano wamekufa, mmoja Kasongo: mtu wa Katembo haitaji kufikiri mara mbili. Bado alikuwa na shaka ndogo tu, na shaka hiyo ilikuwa mkononi mwa Hippolyte. Akicheka pamoja nao, akisema huyo ni mama fulani, ni mzee, msameheni, basi imekwisha.

Hippolyte hakucheka. Kicheko chao kiliingia ndani yake, kikakuta hasira yote ya majuma yale imekaa inangoja, na alipofungua kinywa alishangaa mwenyewe kwa ukubwa wa sauti yake.

“Nilizaa, bwana! Saba! Niliwabeba mugongoni mu pamba yenu. Nikazika mumoja, mukasema lima. Nikazika wa pili, mukasema lima. Watano, bwana! Na nilipobaki na wawili mukaniletea kitabu, mukasema nisipokichunga nitafungwa, nikamuwekea kitabu moto kama mutoto mugonjwa. Mimi! Andika jina langu, iko pale juu. Mutoto wangu ni Asani. Ninamutaka. Mumuchukue huyu hapa,” akajipiga kifua, “na munirudishie yule!”

Hakuna aliyecheka tena. Chumba kilinuka masizi.

 Mkaguzi hakuwa mtu mwema, lakini alikuwa na akili, na alielewa kwamba habari ya kijiji kinachofungwa kwa ajili ya vitabu vya maktaba ikifika magazetini Ulaya itachekesha watu wasiotakiwa kuchekeshwa. Akatoa uamuzi wake palepale. Vitabu havitaazimwa tena kwa amri. Mtu aliyefungwa kwa ajili ya kitabu atoke leo. Kapita asiguse mtu, maana kwa mujibu wa karatasi hakuna mtu wa Katembo aliyesema kitu. Na huyu msaidizi wa maktaba, kwa kuidanganya serikali kwa maandishi, miezi miwili, na kazi imekwisha.

“Na sanduku,” mkaguzi akaongeza akifunga faili, “lisipelekwe tena Katembo. Hawataki vitabu.”

“Nani alisema hawataki?” Hippolyte akauliza. Askari alikuwa amekwisha kumshika mkono. “Soma swali la mwisho! Walisema wanataka kitabu gani, kila mutu alisema! Bwana Delmotte, mwambie asome!”

Delmotte alikuwa akikusanya karatasi zake. Hakumwambia mtu asome.

Kwa hiyo Asani alitoka, amekonda, miguu imejaa funza, akaenda kwao bila kupita Kasongo. Hippolyte akaingia ndani, akapewa jembe, akawekwa kwenye barabara pamoja na wezi wa mbuzi. Hasira haikumtoka. Alipiga udongo nayo mchana kutwa, na wenzake walimwacha peke yake, wakidhani ameua mtu.

Jumapili Régina alileta chakula. Kilikuwa kingi mno: ugali wa muhogo, samaki, na juu yake kuku mzima wa kukaanga kwa mawese, aliyefungwa kwa majani kwa namna ya Katembo. Hippolyte alimtazama yule kuku. Régina hakuwa na kuku.

“Mama ametembea,” Régina akasema, akiinamisha kichwa ili askari asisikie. “Iko pale nyuma ya ukuta, amekupa mugongo. Amesikia yote uliyosema mbele ya Wazungu. Amekasirika sana.”

“Juu ya nini? Jina lake sikusema.”

“Anasema umeandika vibaya. Ulisema saba.” Régina akamsogezea kuku. “Anasema nikuambie, sasa iko na watoto nane. Kula.”